Hii Tu, Halafu Naacha

Fundi wa matrekta aliye jirani na kibanda changu cha chai hapa Voi hugonga chuma kwa spana, kisha huinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Chuma kikimjibu vibaya, anakifungua. "Hii tu, halafu naacha," huniambia, na chai yangu inapoa ikimngoja. Trekta moja kuukuu aliletewa na Philister, ambaye marehemu babake aliiendesha miaka mingi kwenye shamba la mkonge. Alitaka iwashwe tu, aisikie tena. Lakini fundi alipobadilisha betri, aliona boneti inatia aibu. Aliponyoosha boneti, kiti nacho kikaonekana kizee. Hii tu. Halafu usukani, uliolika pale mikono ya mzee ilipokuwa ikishika.

Jana Philister alikuja. Trekta ikanguruma, nyekundu kama pilipili. Akapanda, akaushika usukani mpya, akashuka polepole.

"Imependeza, fundi. Sasa ile ya baba iko wapi?"

Fundi aliigonga trekta, akasikiliza. Akaenda kwenye rundo la vyuma kando ya ukuta, akaugonga usukani wa zamani, akasikiliza. Akarudi kwenye trekta. Mpaka nafunga kibanda, bado alikuwa akienda na kurudi, akigonga na kusikiliza.