Nilimpigia Honi Baba Mkwe kwa Sababu Miguu Haikufika Chini

Jumanne moja ya Februari mwaka huu tulimzika baba mkwe wangu, katika kijiji kilicho juu ya Isongole. Alikufa akiamini kwamba nilimdharau. Nilikuwa na miezi mitano ya kumwambia ukweli na sikumwambia. Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu.

Ukweli wenyewe ni mfupi, kama mimi. Miguu yangu haikufika chini.

Nianzie Tunduma, maana huko ndiko nilikoharibu.

Mimi nauza mbegu na dawa za mazao pale Mlowo. Wateja wangu wengi wako Ileje, na nilikuwa nasema kila mahali kwamba milima ile inataka pikipiki kubwa ya porini. Uongo! Vijana wa bodaboda wanaipanda milima hiyohiyo na vipikipiki vyao, abiria wawili na gunia la mahindi juu. Nilitaka kubwa ili nikipita Mlowo watu wageuke. Basi.

Muuzaji alikuwa mtu wa Tanga, kofia nyeupe, maneno laini. Alikuwa na pikipiki mbili za porini. Moja cc 200, ya chini, nyepesi. Nyingine cc 650, imevuka kutoka Zambia, tairi zenye meno, shokapu ndefu, kiti kiko juu huko kama dari.

Mke wangu akaiendea ile ndogo. "Baba watoto, hii si inakutosha?"

"Mama, hiyo ni ya wanafunzi," muuzaji akasema. "Bosi kama huyu umpandishe hiyo? Bosi, njoo huku."

Nikapanda ile kubwa. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Ilikuwa imeegemea stendi yake ya pembeni, imelalia kushoto. Mguu wangu wa kushoto ukagusa sakafu. Vidole tu, lakini uligusa.

"Si unaona? Umefika!"

"Na wa kulia?" mke wangu akauliza.

"Wa kulia ni wa breki, mama. Hauna kazi chini."

Tulicheka, mimi na muuzaji. Tulimcheka mtu pekee mle dukani aliyekuwa ameona. Nikatoa fedha zote za kahawa yetu ya mwaka ule. Wakati wa kuondoka vijana wawili wakanishikilia huku na huku mpaka nikashika mwendo, na mimi nikadhani hiyo ndiyo huduma ya wateja wakubwa!

Ikitembea, hakuna raha kama ile. Tabu ilikuwa kusimama. Ikiwa wima, miguu yangu yote miwili ilining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisani. Na chuma kile kikianza kuinama hukirudishi.

Basi nikaanza kuijua Songwe kwa vimo. Kusimama kwangu kulitaka kitu cha kukanyagia: baraza ya duka, ngazi ya kanisa, ukingo wa pampu za mafuta. Watu wakasema jamaa ana hela, kila saa yuko kituo cha mafuta. Wateja wenye nyumba zisizo na baraza niliacha kuwatembelea. Nikawaambia mbegu zimeisha.

Siku moja karibu na Mpemba askari wa barabarani akanisimamisha mahali tambarare kabisa. Nikamwendea polepole nikamshika bega.

"We! Umelewa?"

"Hapana, afande. Nina jipu."

"Jipu la wapi?"

"La pale ninapokalia."

Akaniruhusu niende, tena kwa huruma. Jamani! Mtu mzima nilikuwa radhi kuwa na jipu kuliko kuwa mfupi.

Ikaja siku ya Septemba. Natoka Isongole napanda kijijini, mbele namwona baba mkwe amesimama kando ya njia, kofia mkononi, anaipunga. Alikuwa anakwenda zahanati, kikohozi kilikuwa kimemwanza. Kwa wakwe zangu mzee hasalimiwi mtu akiwa juu ya chombo. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu mpaka aitikie. Ndivyo nilivyomsalimia tangu siku ya posa.

Nilipunguza mwendo. Wallahi nilipunguza. Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia: hakuna jiwe, hakuna kingo, hakuna kichuguu. Njia imelala kama mkeka! Nikiendelea kupunguza nitaanguka miguuni pa mkwe wangu.

Nikapiga honi. Nikapita.

Mbele kidogo palikuwa na kalavati lenye ukingo wa saruji. Hapo nilisimama vizuri kabisa. Ningeweza kurudi kwa miguu, nimsalimie, nimwambie kilichonipata. Nilikaa pale juu ya chuma changu nikiwaza nitaanza vipi. Halafu nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu. Honi ilikuwa hofu, lakini pale kalavatini nilichagua.

Jioni ile mzee alisema nyumbani kwake, na neno likafika Mlowo kabla yangu: "Mkwe wangu amenipigia honi kama mbuzi aliyeziba njia."

Mke wangu alinisihi. "Nenda kamwombe baba radhi."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Sema hata uongo mzuri basi!"

Sikwenda. Watu walisema pesa imenipanda kichwani, nami nikawaacha waseme. Niliona afadhali niitwe mwenye majivuno. Majivuno yana heshima yake kidogo, ufupi hauna. Mzee naye akanyamaza. Nikituma salamu, haziitikiwi. Nilituma sukari, akampa jirani.

Februari akafa.

Mke wangu alitangulia kwa mchomoko, vile vigari vidogo vya abiria, mimi nikafuata na pikipiki, sikuwa na chombo kingine. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikaingia uwanja wa msiba, watu wamejaa. Nikatafuta pa kukanyagia. Kila jiwe limekaliwa na mwombolezaji! Nikazunguka nyumba. Nikarudi uwanjani, injini inanguruma, nikazunguka tena. Akina mama wakaacha kulia wakanitazama. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasimama.

"Shemeji, shuka! Tumeshaiona!"

Nikaangukia rundo la kuni za msiba.

Wakaniondolea chuma mguuni, wakaniinua, wakakisimamisha wima kando yangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Akanitazama, akatazama kiti, akanitazama tena. Kiti kilikuwa kimenifika mbavuni.

"Mkwe. Siku ile ya honi..."

"Miguu haikufika, mama."

"Miguu?"

"Haifiki chini. Nikisimama naanguka."

Akaketi palepale kizingitini. "Mume wangu anaingia kaburini amenuna, kwa ajili ya miguu?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Ufupi wako tuliuona siku ya posa! Ulidhani umetuficha?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakampokea. Mimi nimesimama pale na matope na magome ya kuni, sina pa kuweka uso.

Baada ya maziko, watu walipopungua, akaniambia, "Nenda kamsalimie." Nilikwenda kaburini. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama siku zote. Mtu haachi kupiga makofi mpaka aitikiwe, ndiyo desturi. Mikono ilichoka, nikaacha.

Ndugu yangu unayetaka pikipiki kubwa ya porini, usijaribu iliyoegemea stendi. Iinue wima, ukae, uweke miguu yote miwili chini, na mkeo awe anaangalia. Muuzaji atakuhesabia cc. Wewe uliza kimo cha kiti. Na kama umeshanunua vibaya, sema siku hiyohiyo! Watu wanakuona ulivyo, anayejificha ni wewe peke yako.

Siku ya tatu nikaaga. Mama mkwe aliingia ndani akatoka na kigoda, kile alichokuwa anakalia mzee, akakiweka kando ya pikipiki.

"Panda, mkwe."

Sikuweza kukikanyaga. Nikakiinua, nikakirudisha mlangoni, nikashika usukani na kuanza kuisukuma kwenye matope.

Kwenye mwinuko shemeji alinikuta, jasho linanitoka. "Shemeji, imeharibika?"

"Nzima," nikamwambia. "Miguu haifiki."

Akavua koti, akaja nyuma, tukasukuma.