Mkoba wa Mkwe Wangu

Mwenye kuwajibika ni msimamizi wa zamu wa shirika la ndege nililosafiri nalo. Nalitamka hilo mwanzoni ili msomaji asimtafute mkosaji kwingine, na hasa asimtafute nyumbani kwangu.

Mume wa binti yangu hucheza pool mashindanoni. Alipokuja kucheza Buzuruga, hapa kwetu Mwanza, alituachia fimbo yake ya thamani, kwa kuwa alikuwa anavuka kwenda Nansio kisiwani na hakutaka unyevu wa ziwa uiguse. Aliniomba niibebe nitakapokwenda kuwatembelea Dar es Salaam. Ni fimbo ya vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu, na hukaa ndani ya mkoba mrefu wa ngozi. Sikuufungua. Kwetu Usukumani baba mkwe hapekui mzigo wa mkwe wake. Niliuweka juu ya kabati, nikawa naupangusa vumbi.

Kwenye uwanja wa ndege, Ilemela, mkoba ulipita kwenye mashine ya ukaguzi. Askari aliyetazama skrini aliniamkia, kisha akasema, "Vipande viwili. Fimbo ya pool hii, mzee? Kumbe na wewe umo?" Abiria wa nyuma yangu akadakia kwamba yeye alidhani nimebeba bunduki ya kuwindia viboko. Tukacheka.

Mlangoni pa kuelekea kwenye ndege, msimamizi aliuchukua. Alidai fimbo haikai na abiria. Nilimwonyesha bwana aliyeruhusiwa kupita na mkongojo mnene kuliko mkoba wangu mzima. Akajibu kwamba ule ni mguu wa mtu. Nilipoomba stakabadhi, alisema yeye mwenyewe ndiye stakabadhi. Kuanzia hapo sikumwamini. Nikiwa kitini nilimwona dirishani akiupeleka nyuma ya mkokoteni wa maboksi ya samaki, akakawia huko kuliko anavyokawia mtu wa kutua mzigo tu.

Dar es Salaam mkoba ulitoka umelowa, unanuka sangara, na mkanda wake umefungwa kwenye tundu ambalo halijawahi kutumika. Mkwe wangu aliufungua mbele yangu. Kipande cha kishikio kilikuwemo. Kile chembamba, chenye ncha ya kupigia, hakikuwemo.

"Haidhuru, baba," alisema, macho yakiwa sakafuni.

Laiti angenihoji, ningejibu. Lakini mkwe hamhoji baba mkwe, na asiyehojiwa hana pa kujitetea. Tangu siku hiyo hunisalimu kwa adabu ileile. Hata hivyo, alipokuja tena Mwanza alifikia nyumba ya wageni, akasema hakutaka kutusumbua.

Niliporudi Mwanza nilikwenda uwanjani kulalamika. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mzee, hicho kipande ulikiona kwa macho yako humo ndani?"

Nilikiri kwamba sikukiona. Akasema basi huenda hakikuwemo. Sidhani kama swali hilo lilimjia kwa bahati. Nilikwisha kumweleza kwamba mkoba ni wa mkwe, naye ni mtu wa huku. Alijua sitakuwa nimeufungua.

Lakini askari wa ukaguzi alikiona kwenye skrini, na alikitaja mbele ya foleni nzima.

Kwa hiyo nadai rasmi kwamba msimamizi huyo aitwe mbele ya mkwe wangu, pamoja na askari aliyetazama skrini. Aeleze mkoba ulipita mikononi mwa nani baada ya kutoka mikononi mwangu, na nani aliufungua. Maelezo hayo yaandikwe, yatiwe saini kwa jina na cheo, na akabidhiwe mkwe wangu kwanza, kabla yangu.