Kompyuta Bubu ya Mzee Nestory

Mzee Nestory wa Mkolani alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya ya parokia. Masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo aliandika nota kwenye kompyuta, akasogeza spika karibu, akasikiliza mahali sauti za besi na tenori zinapogongana, kisha akarekebisha.

Kompyuta ilipojaa virusi aliipeleka kwa Odeta, fundi wa Nyegezi. Odeta akaiondoa Windows, akaweka Linux, mfumo mwepesi.

"Na programu yangu ya nota?" mzee akauliza. "Si ilitengenezwa kwa Windows?"

"Ipo programu nyingine ya kuibeba, mzee. Itadhani bado iko kwao, kwenye Windows."

Odeta akaifungua ile ya nota, nota zikajipanga kwenye kioo, akaridhika. Wateja walikuwa wakimsubiri. Hakubonyeza kitufe cha kuucheza wimbo.

Baada ya Pasaka Odeta alikutana na Evelina, mke wa mzee, sokoni Buhongwa.

"Nyimbo mpya vipi, mama?"

"Ameacha kutunga. Kompyuta haitoi sauti. Anasema ameiharibu mwenyewe, anaona aibu kukwambia. Pasaka kwaya imeimba zile za zamani."

Odeta alisahau hata alichofuata sokoni. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe. Ulihangaika na mashine yangu, nami nikaiharibu."

Afadhali angemtukana. Kwa kitambo Odeta alijiona anaweza kunyamaza tu, aitengeneze, ashukuriwe, aondoke.

"Hujaharibu kitu," akasema. "Ni mimi. Niliona nota, sikujaribu sauti. Nilikuwa na haraka."

"Kumbe," mzee akasema. "Mimi nilidhani ni uzee."

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo: zile sauti za vinanda ambazo programu huzitegemea hazikuwa zimehamishwa. Odeta alipoziweka, chumba kikajaa wimbo. Mzee akainamia spika, akausimamisha, akashusha nota moja ya alto, akauanzisha tena.

"Huu ulikuwa wa Pasaka," akasema bila kugeuka.

Wakati wa kuaga, Evelina alimfungia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Odeta alitamani kukataa, akaona kukataa kungekuwa kosa la pili. Akaupokea kwa mikono miwili, na njia nzima mpaka Nyegezi hakuweza kutia hata kipande kimoja mdomoni.