Kamba wa Nyamisati

Wiki hii nilikaa kwenye benchi la kliniki moja upande wa Kibiti, nikimsubiri dada yangu. Mbele yangu nesi alikuwa akimhudumia mjamzito aliyekuja na mumewe. Kilo za yule mama zilikuwa zimepungua.

“Unakula?” nesi alimuuliza.

“Nikila natapika. Roho yangu inataka kamba wa nazi tu, wale wa Nyamisati.”

Mume akacheka. “Deko hilo, nesi. Wiki mbili ananiimbia kamba, na mihogo imejaa ndani.”

Nesi hakucheka. Aliandika kwenye kadi, akalitamka neno polepole: “Craving.”

Mume akavua kofia. “Lo! Ina dawa?”

Nesi akamtazama mke kwanza. “Ipo. Kamba.”

Mume alikuwa ameshasimama, simu sikioni. “Shemeji, mashua zimerudi? Niwekee kamba kilo mbili, naja na bodaboda sasa hivi. Mke wangu kapimwa, imeonekana!”

Mke alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Neno lile maana yake ni hamu kali, ile isiyomwachia mtu nafasi ya kutaka kingine. Mke alikuwa ameieleza hamu hiyo kwa Kiswahili safi wiki mbili nzima. Kwa Kiingereza ilihitaji dakika moja.

Mama aliyefuata kwenye foleni aliwahi mezani, akaisukuma kadi yake mbele. “Nesi, na mimi niandikie hiyo hiyo. Yangu ya kuku wa kienyeji.”