Mtoto Aliyekatazwa Kucheka

Mng'oa meno wa gulio la Korogwe alikuwa na koleo moja na ngoma moja. Koleo alishika yeye, ngoma aliipiga mkewe. Mgonjwa akishafumbua mdomo, mama yule anaipiga kwa nguvu zake zote, ili wanaosubiri zamu wasisikie mwenzao anavyolia. Nilikuwa kijana sijaoa, nimetumwa na baba kuuza tumbaku, nikasimama kutazama mpaka tumbaku nikaisahau. Siku hizi mimi mwenyewe nimebaki na magego mawili, na hayo hayakutani, lakini silisemi hilo kutafuta huruma. Nasema tu kwamba yule bwana alikuwa mtu wa haki: alichungulia mdomo wa mtu kwa sababu unauma. Kwetu Handeni tulikuwa na watu waliochungulia vinywa visivyouma, tena vya watoto wachanga, na hao ndio walioitwa wajuzi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na lenyewe sikulimaliza, mwalimu aliugua. Lakini jambo hili halihitaji kusoma. Mtoto akiota meno ya juu kabla ya yale ya chini, Wazigua tulimwita kigego. Kigego ni mkosi: jamaa watakufa, mvua itakataa. Zamani za mababu hakuachwa akue. Alipokuja Mwingereza na kamba yake ya kunyongea watu, wazee wetu wakapata hekima ya ghafla. Wakasema si lazima afe, inatosha aondolewe, wazazi wake wasimwone tena.

Kaka yangu mkubwa alipata mtoto wa kiume mwaka wa njaa. Njaa yenyewe ilianza mahindi yalipokauka, na wakati huo mimba ya shemeji yangu ilikuwa haijaonekana hata kwa jirani. Lishikeni hilo, maana wajuzi hawakulishika. Mtoto alipofikia umri, likachomoza jino juu, halafu la pili ubavuni mwake. Chini, ufizi mtupu.

Wakaficha. Kila akipita mtu, shemeji anamfunika mtoto mdomo kwa kanga, anasema ana mafua. Na mtoto yule alikuwa mcheshi, jamani! Mwonyeshe kuku tu, anacheka. Basi kaka akatoa amri nyumbani kwake, mtoto asichekeshwe. Hata mimi, baba yake mdogo, nilimpakata nimekunja uso kama askari wa boma.

Mafua yale yangedumu mpaka meno ya chini yaote, kama asingekuja mjomba wa mtoto, yaani kaka wa shemeji. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtoto wa dada yake, na huyu alilipenda neno la mwisho hata pale ambapo la kwanza hakuwa nalo. Alivaa tarbushi nyekundu yenye shada refu. Akainama kumsalimu mpwa wake, shada likamwangukia mtoto puani. Mtoto akacheka mpaka kanga ikateleza.

"Mama wee!" mjomba akaruka nyuma. "Hayo nini?"

"Meno, shemeji," kaka akamjibu. "Hujapata kuyaona?"

Asubuhi yake tuliitwa uani kwa mjomba. Mganga alikuwepo, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwepo, na mwalimu wa misheni naye kaja na baiskeli. Watu watatu hawa hawakupata kula sahani moja tangu nizaliwe. Siku ile walikaa mkeka mmoja kwa ajili ya meno mawili.

Mganga akataka mbuzi mweusi, kisha mtoto avushwe mto Pangani asirudi. Mwalimu wa chuo akasema katika kitabu hamna kigego, ila mila za wazee zisidharauliwe. Yeye ataisomea dua njia atakayopitishwa mtoto. Mwalimu wa misheni akacheka kwa dharau. Huo ujinga, akasema, sisi hatuuogopi. Mleteni misheni tumlee, ila wazazi wasimfuate.

"Kama hamuogopi," kaka akamuuliza, "mkeo anamtia mwanenu kidole mdomoni kila kukicha, anatafuta nini mle? Senti?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akaanza kufutafuta baiskeli yake, ambayo haikuwa na vumbi.

"Tusicheke," mganga akasema. "Mvua haipo."

"Mvua ilikataa huyu hajatungwa mimba," kaka akamjibu.

"Kigego huanza ubaya wake kabla ya kuzaliwa."

"Basi nawe, babu, ungeanza uganga wako kabla ya njaa, tukala."

Mjomba akapiga fimbo chini. "Shemeji, adabu! Mtoto ni wa kwetu. Leo anaondoka. Chagueni tu anakwenda kwa nani."

Shemeji yangu alikuwa amemkumbatia mtoto hivi kwamba hata mimi niliyekaa karibu sikuona ila kisigino. Kaka akamtazama mkewe, wala si kwa kitambo kirefu. Aliwahi kukata mkonge kule Hale, kwenye kambi za watu waliotoka kila upande, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, na kila mara akirudi alikuwa akitusimulia kwamba kule mtu anaulizwa amekata mafungu mangapi, haulizwi meno yake yalianzia wapi.

Akasimama. Akamchukua mtoto, akampandisha mabegani. Shemeji akajifunga kanga vizuri, akamfuata.

"Wapi huko?" mjomba akafoka. "Hatujamaliza!"

Kaka akapita katikati ya mkeka, mganga akavuta miguu yake upesi, na kaka na mkewe wakashika njia ya Korogwe, iendayo Hale.

"Waacheni," mjomba akatuambia. "Jua likiwaka watarudi."

Tukakaa kungoja. Ugali ukaletwa, wale wajuzi watatu wakala sahani moja. Kaka yangu hakurudi jua lilipowaka, wala mvua iliponyesha, wala hata tulipompelekea salamu kwamba mjomba amekufa, aje kuzika.