Semeji, Rejesa Mabati

Huko Homa Bay wananiita mwanafikra wa jamii, eti mwandishi mwanamke wa kwanza kutoka Sori. Maandishi yangu yote yako kwenye ukuta mmoja, na yana makosa.

Mume wangu alipokufa, ndugu yake mkubwa alitaka kunirithi, niwe mke wake kama desturi. Nikakataa. Basi akapanda juu ya nyumba yangu mchana kweupe, akang'oa mabati, akaezekea jikoni kwa mke wake. Jirani yangu, fundi wa boti, ndiye alimshikia ngazi. Mzee wa kijiji alitazama, akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Nawataja hao watatu kwa sababu mpaka leo wananisalimia kama hakuna kitu.

Nilinyeshewa mpaka nikaanza kufikiri. Bila mvua, labda nisingefikiri hadi leo. Nikachukua rangi ya boti, ile ya bluu, nikaandika ukutani upande wa njia ya ziwani: SEMEJI REJESA MABATI. Shule niliachia darasa la nne, na ulimi wetu hapa haujui "sh". Mimi naandika vile naongea.

Watu walikuja kucheka. Mwalimu mmoja aliongeza H mbili kwa chaki, mvua ikazifuta. Lakini anayecheka herufi lazima asome maneno, na akishasoma, anainua macho kutafuta paa.

Siku ya soko semeji mwenyewe akafika, amefura.

"Nani alikuambia uniandike?"

"Kwani ni wewe?"

"Si mimi! Hapo umeandika semeji. Mimi si semeji, mimi ni semeji!"

Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wetu wa ziwani, alicheka hadi akaweka beseni chini. "Wuod baba, ndugu yangu, si umejitaja mwenyewe!"

Wiki hiyo mabati yalirudi, yametupwa mlangoni na masizi yake. Sasa nani ayapigilie? Hakuna fundi angegusa paa la mjane ambaye hajarithiwa; kwetu ni mwiko. Nikaazima ngazi kwa jirani yule yule, nikapanda mwenyewe. Misumari niliyopinda ni mingi kuliko iliyoingia, na kidole gumba kilivimba kama ndizi.

Nikiwa huko juu, simu ikalia. Mama wa kikundi fulani cha Homa Bay, amesikia habari za ukuta.

"Dada mwanafikra, tunataka uje utuhutubie. Kwa sasa unafikiria nini?"

Nikatazama chini. Fundi wa boti alikuwa anaondoka, ngazi yake begani.

"Nafikiria vile nitashuka," nikamwambia.