Wimbo wa Kumi wa Radi

Saa tatu asubuhi, Radi anafungua kabati la nguo la mama yake, anasukuma makoti na magauni pembeni, kisha anasimamisha maikrofoni katikati. Godoro limeegemezwa dirishani. Jokofu limezimwa. Hata saa ya ukutani imezungushiwa taulo.

"Nguo zinanyonya mwangwi," anasema, akikaza nyuzi za gitaa kavu. "Studio ninayoimudu ni hii, na mwenye nyumba ananipa chai."

Mwenye nyumba ni mama yake, fundi cherehani mstaafu wa miaka sabini na minane. Radi ana hamsini na mmoja. Jina hilo alipewa na mashabiki enzi za bendi yake ya roki, alipokuwa akipasua koo mbele ya watu elfu mbili. Baadaye koo likapasuka kweli. Alifanyiwa upasuaji, akakaa miezi saba bila kutoa sauti, akiandika kwenye daftari hata akitaka chumvi.

"Nilimwambia Mungu, nirudishie hata nusu. Kanirudishia nusu. Nilalamike nini?"

Kwa nusu hiyo anarekodi upya nyimbo zake kumi za zamani, bila ngoma wala gitaa la umeme. Tisa zimekwisha. Wa kumi ndio uliomsumbua.

Aliutunga akiwa na miaka ishirini na miwili, siku mama alipomwambia achague: gitaa au nyumba. Akachagua gitaa. Walipatana mwaka mmoja baadaye, msibani, na jambo lile halikuzungumzwa tena. Ila wimbo ulibaki, na ndani yake mama anasemwa vibaya, ubeti kwa ubeti. Mwenyewe hakujua. Alikuja kwenye kila onyesho, pamba masikioni, akaucheza kuliko wote.

"Kelele zilikuwa zinanifichia maneno," anasema Radi. "Mama anapiga makofi, mimi najiona mnafiki. Sasa kwa gitaa kavu utaficha nini?"

Alifikiria kuuacha. Akafikiria kumtuma mama sokoni. Mwishowe, wiki iliyopita, alimketisha kitandani akamwimbia wote.

Mama hakupiga makofi. Alikaa akinyoosha shuka kwa kiganja.

"Ni kweli nilikufukuza, mwanangu," mama alisema hatimaye. "Lakini wimbo wako una upande mmoja. Nilirudishia mlango, komeo sikutia. Mwaka mzima sikutia. Hukuja kusukuma."

Radi anasimulia huku akilia, na katikati ya kilio anacheka. "Nashukuru hili koo liliharibika. Lingekuwa zima, ningekufa sijayasikia hayo."

Albamu itatoka mwezi ujao, na wimbo wa kumi umeongezwa ubeti wa mama. Ndio wanaourekodi leo. Radi alijitolea kuuimba, mama akakataa katakata.

"Maneno yangu nitayasema mwenyewe," anasema, akivua miwani na kusogelea maikrofoni. "Wewe nipigie gitaa. Polepole, watu wasikie."